Silensa inapanda na kushuka: tafuta hewa kabla ya kushika bisibisi

Pale gereji, Ndeeba, Kampala, sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Fundi, nipandishie silensa kidogo, gari linanizimikia kwenye jamu." Bisibisi iko mfukoni, skrubu inaonekana, kazi ni ya dakika mbili. Usiiguse. (Silensa ninayoisema ni mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, si bomba la moshi.)

Kwenye kabureta skrubu hiyo ilikuwa na kazi yake. Kwenye injeksheni, ambako kompyuta ndiyo inayopima petroli, ipo tu ili kipepeo, kile kibati cha mviringo ndani ya throto (mlango wa hewa ya injini), kisikwame kinapofunga. Ukiikaza, sensa ya kipepeo inaiambia kompyuta kwamba bado umekanyaga mafuta, nayo inaacha kutunza silensa. Hapo ndipo gari linapoanza kuhema: mizunguko 800 kwa dakika, 1,500, 800, 1,500.

Ukiachia mafuta, kipepeo hufunga, lakini injini lazima ipumue. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kinjia cha pembeni kinachopitisha hewa, na vali ya umeme inayokipanua au kukibana. Magari mapya hayana waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta. Mota ndiyo inayokifungua kipepeo kidogo. Kwa vyovyote, silensa ni hewa.

1. Pasha injini moto mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima. Zima taa, redio na AC. Mshale wa mzunguko kwenye dashibodi ukae kati ya 650 na 850 kwa gari dogo la petroli. Asubuhi kwenye baridi ukiona 1,300 usishtuke, utashuka maji yakipata moto.

2. Sasa liongezee mzigo. Washa AC, kata usukani hadi mwisho, kanyaga breki uweke D kama gari ni la otomatiki. Mshale unaweza kuinama kidogo, kisha urudi. Ukiinama na kubaki hukohuko huku gari linatetemeka, hewa ya ziada haifiki.

3. Silensa ikiwa juu au inahema, tafuta hewa ya wizi, yaani inayoingia kupitia mpasuko bila kupita kwenye throto. Chukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe kwenye hozi ndogo zote na gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), ukikaa mbali na mikanda na feni. Palipopasuka patapiga mluzi. Wengine hupulizia petroli wasikilize injini inavyobadilika. Juu ya manifoldi ya moto, huko ni kujitafutia msiba.

4. Hozi zikiwa nzima, subiri injini ipoe, kwa sababu throto nyingi hupitiwa na maji ya rejeta. Chomoa betri, fungua throto. Utakuta masizi meusi yaliyogandana na mvuke wa oili kuzunguka kingo za kipepeo. Pulizia dawa ya kusafishia throto na ufute kwa kitambaa laini. Msasa hapana. Kama kipepeo ni cha mota, usikisukume kwa kidole. Vali ya pembeni isafishe vivyo hivyo, bila kuvuta pini yake kwa nguvu, na uirudishe na gasketi mpya. Kagua eya klina pia. Gari linaloshinda kwenye vumbi la murramu huijaza haraka.

5. Hatua hii ndiyo inayowafanya mafundi wengi watukanwe bure. Ukishasafisha, silensa inaweza kuruka mpaka 1,500, mteja akadai umemharibia gari. Kompyuta ilikuwa imezoea uchafu ikawa inafungua zaidi kuufidia. Washa bila kukanyaga mafuta, acha injini ingurume dakika kumi, washa AC dakika chache, zima, kisha endesha mtaani. Baadhi ya magari hayatulii mpaka uyafundishe upya kwa mashine ya daignosi.

Bado inasumbua? Angalia plagi na sensa ya joto la maji.

Na ukikuta skrubu ilishachezewa, ilegeze mpaka iachie kabisa, kisha ikaze taratibu. Inapogusa tu mkono wa kipepeo, ongeza kidogo sana, kiasi kisikwame. Kabureta ni habari nyingine: iliyotegeshwa Kampala, kwenye mita kama 1,200, ukiipandisha Kabale kwenye 2,000 hivi, hewa huwa nyepesi, petroli inazidi na silensa inalegea. Huko ruhusa, toa bisibisi.