Kumalizia Safari ya Nchi Kavu Pwani: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Dodoma

Wasafiri wengi wa Kanda ya Kati wanaokwenda pwani kwa mapumziko humaliza nguvu zao njiani. Hupanda miamba yenye michoro ya Kolo huko Kondoa, hurudi kulala Dodoma mjini, hupita Kibaigwa, Gairo na Morogoro, kisha hufika Dar es Salaam wakiwa hoi na kuzitumia siku zilizobaki katika foleni za magari na maduka ya Kariakoo. Naiona kuwa hasara kubwa, kwa sababu siku hizo ndizo zenye mambo ambayo huku kwetu hayapatikani kabisa, na ndizo zinazotaka kupangwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine ya safari. Mwongozo huu unahusu siku tatu au nne za mwisho, zinazoanzia Bagamoyo na kuishia Dar es Salaam, na msingi wake ni kwamba ratiba ya pwani hupangwa kwa kufuata maji ya bahari yanavyopwa na kujaa.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban kila siku, na saa za kupwa na kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku inayofuata. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, ambapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Katika mwambao wa Bagamoyo na Dar es Salaam, siku za bamvua bahari hupwa mwisho yapata saa 4 asubuhi na kujaa yapata saa 10 alasiri, ilhali siku za maji mafu mpangilio huwa karibu kinyume chake. Kwa hiyo mtu aliyeko Dodoma, ambako mbingu huwa nyeupe kwa miezi mingi ya mwaka, anaweza kuutazama mwezi kutoka uani kwake na kuchagua wiki ya safari kabla hajakata tiketi. Ushauri wangu ni kufika Bagamoyo siku ya mwezi mpevu au siku moja baadaye, ili asubuhi iwe ya kutembea juu ya mchanga uliofunuliwa na maji, na alasiri iwe ya kuoga. Majira nayo yahesabiwe: kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi huichafua bahari, na Machi hadi Mei ni masika. Oktoba na Novemba mara nyingi bahari hutulia.

Kuhusu njia, usipitilize hadi Dar es Salaam. Ukipanda basi la asubuhi katika stendi ya Nanenane, mwambie kondakta kwamba utashuka Chalinze, kisha upande gari la kwenda Msata, na kutoka hapo ushike barabara ya lami ya kilomita 64 inayokufikisha Bagamoyo. Kwa njia hii unaiepuka foleni ya Kibaha na Mbezi, na unaingia pwani kupitia mji uleule walikoishia wasafiri wa zamani waliotembea kwa miguu kutoka bara.

Jambo hili la mwisho lina uzito kwa mtu wa Dodoma. Misafara ya karne ya 19 iliyobeba pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, ambako watemi waliitoza hongo kabla ya kuiruhusu kuchota maji na kuendelea, kisha ikapita Mpwapwa na kushuka hadi pwani. Ukisimama katika jengo la Caravan Serai la Bagamoyo, yaani kituo cha kupumzikia misafara, unasimama mahali ambapo historia ya wilaya zetu ilikutana na bahari, ikiwa ni pamoja na sehemu yake chungu, kwa kuwa njia hiyo ilipitisha watumwa pia. Katika eneo la Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, upo mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Ipe misheni na Mji Mkongwe alasiri yako ya kwanza, ukiwa bado na uchovu wa basi, kwa sababu matembezi hayo hayadai nguvu nyingi.

Asubuhi ya pili ni ya bahari. Maji yanapokupwa, fungu la mchanga la Mwambakuni hujitokeza nje ya pwani ya Bagamoyo, na wenye mashua huwapeleka wageni huko kwa saa chache kabla maji hayajarudi. Ukipenda kubaki nchi kavu, nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, uone magofu ya msikiti na makaburi ya mji wa Waswahili wa karne ya 13, yakiwa jirani kabisa na mikoko. Vaa viatu vyenye soli ngumu usivyojali kuvilowesha, kwa maana miamba ya pwani ina makombe makali na viumbe wenye miiba myeusi inayokatikia nyayoni na kusumbua kwa siku kadhaa. Siku za bamvua utawaona pia wavuvi wanaotembea kwa miguu juu ya mwamba wakitafuta pweza. Waombe ruhusa kabla ya kuwafuata, na watakapoanza kurudi, rudi nao papo hapo, kwa sababu maji yanayojaa hupita kwanza katika mikondo iliyo nyuma yako, na anayekodolea macho upande wa bahari kuu hushtuka njia ya kurudia imeshafunikwa.

Kutoka Bagamoyo magari ya abiria hufuata Barabara ya Bagamoyo hadi stendi ya Makumbusho. Shuka Mtongani, uingie Kunduchi, na ulale huko badala ya kwenda katikati ya jiji, kwa sababu ndiko mashua za kwenda Kisiwa cha Mbudya zinakoondokea. Mbudya, pamoja na Bongoyo kinachofikiwa kwa urahisi kutoka Msasani, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Utalipa kiingilio cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, nawe udai risiti, na usiokote makombe wala matumbawe, kwani hairuhusiwi.

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa kuwa sisi wa bara huikabili bahari kwa ujasiri usio na maarifa. Kabla ya kukanyaga mashua, hesabu abiria, kisha hesabu majaketi okozi. Yakipungua hata moja, subiri safari nyingine. Livae lako na ulifunge kamba zote ukiwa bado ufukweni, kwa maana jaketi lililokaliwa kama mto halina faida mashua ikipinduka. Muulize nahodha saa ya kurudi, na uikubali kauli yake hata kama ni mapema kuliko ulivyotarajia, kwa sababu upepo huongezeka mchana na safari iliyokuwa shwari asubuhi huweza kuwa ya mawimbi jioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na urefu wa mawimbi. Usome usiku wa kuamkia siku hiyo, na ikitolewa tahadhari, ahirisha safari bila kusikitikia nauli. Ndiyo maana safari ya kisiwani isiwekwe siku ya mwisho: lazima ibaki nafasi ya kuisogeza mbele.

Aliyejifunza kuogelea katika Bwawa la Hombolo au la Mtera asidhani kwamba anaijua bahari, kwa kuwa maji ya bwawa hayana mkondo wa kumvuta mtu mbali na ufukwe wakati maji yanapokupwa. Kaa pale unapoweza kusimama, oga maji yakiwa yanajaa, na mtoto asiachwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu.

Mwili wa mtu aliyezoea ukavu wa Dodoma, mji ulio juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, huelemewa na fukuto la pwani pasipo yeye kujua, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Malaria imeenea zaidi pwani kuliko kwetu. Lala ndani ya chandarua, na homa ikikushika hata wiki mbili baada ya kurudi, nenda ukapime na umweleze mhudumu ulikotoka.

Siku ya Dar es Salaam yenyewe haihitaji maelezo marefu. Makumbusho ya Taifa, pantoni ya kwenda Kigamboni na kurudi, kisha mihogo ya kukaanga na madafu Coco Beach jua linapopungua, vinatosha kuijaza. Kariakoo naiacha kwa hiari yako. Ukienda, nenda asubuhi ukiwa na fedha kidogo mfukoni.

Siku ya kuondoka, damka uende soko la samaki la Feri. Mnada wa samaki huchangamka alfajiri mashua zinapotua, na hata usiponunua ni jambo la kushuhudia: samaki humwagwa mezani kwa mafungu, dalali hupandisha bei kwa kasi, na mafungu huuzwa kabla mgeni hajaelewa nani amenunua. Ukitaka changu au kolekole wa kubeba, mchague mwenye macho yanayong'aa na mashavu mekundu ndani, mpe kijana amparue na kumtoa matumbo, kisha mpeleke kwa wakaangaji waliopo palepale wamkaange hadi akauke. Samaki mbichi asiwekwe kwenye mzigo wa safari, kwani atawaudhi abiria wenzako na ataharibika kabla hujafika.

Kwa kurudi napendekeza treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024 kwa nauli ya Sh 31,000 katika daraja la kawaida. Huchukua saa nne hivi, na Stesheni ya Magufuli ipo katikati ya jiji, si mbali na Feri. Kata tiketi siku kadhaa kabla, hasa ikiwa unarudi mwishoni mwa wiki au wakati wa vikao vya Bunge. Beba kitambulisho ulichokatia tiketi, na ufike stesheni mapema, kwa kuwa mizigo hukaguliwa na treni haimsubiri aliyechelewa. Samaki wafunge kwa karatasi wakiwa wamepoa kabisa, uwaweke katika chombo chenye mfuniko, na ukifika nyumbani uwapashe moto siku hiyohiyo.