Ukiingia hosteli mara ya kwanza, chunga saa kumi na mbili jioni

Kama wiki hii unabeba godoro kwenda hosteli, iwe ni huko Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU) ama Chiromo ama umepata bedsita Ngara, kuna kitu nilijifunza kambini nikiwa na miaka kumi nataka ukijue. Likizo ya Agosti tulipelekwa kambi ya skauti Rowallan, hapo Jamhuri, usiku wa kwanza kiongozi akawa anatuchorea alama za njia kwa mchanga na kijiti, mshale, msalaba, alafu akachora duara na nukta katikati akasema hii ni "nimeenda nyumbani", ndo iko kwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kule Nyeri. Nikaangua kilio. Kiongozi hakunibembeleza, alinipa sufuria ya uji iliyoungua tusugue na majivu na mtoto mwingine, na kabla masizi yaishe tulikuwa tunapiga stori.

Chuoni ni hivo hivo. Mchana uko na darasa na foleni, upweke haukupati. Unakupata jioni, rumeti hayuko, koridoni watu wanacheka na huwajui hata mmoja. Hiyo saa ipangie kazi mapema. Tafuta watu wawili watatu mchange pesa ya unga na mboga, mama mboga awakatie sukuma, mmoja asonge ugali mwingine aoshe vyombo. Kama hupiki, enda mesi saa ile ile kila siku, kaa meza ile ile, sura zitazoeana tu.

Nyumbani piga simu ukiwa umeshiba, sio ukiwa unalia, juu wewe utalala na mamako hatalala. Na usikimbilie kwenu kila wikendi hata kama ni Rongai tu, mimi nilifanya hivo nusu semista nzima na kila Jumapili jioni ilikuwa ni kama nimeripoti leo.

Beba ndoo ya kifuniko, maji hupotea, na kufuli yako. Pesa ya HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, usiipigie hesabu mwezi wa kwanza, inaeza chelewa.

Ikiwa wiki zinapita huli na hulali, enda ofisi ya ushauri ya chuo, tafadhali usingoje mitihani. Na kama kuna mwenzako kwa hiyo koridoni amejifungia tangu Jumatatu, mgongee mlango umwambie kuna sufuria ya kuosha.