Mama shika daftari: jinsi ya kuongoza mchango mtaani kwetu Mwanza

Mwangaluka kina mama. Huku kwetu mchango ukitangazwa, uwe wa msiba, wa mgonjwa kalazwa Bugando au wa choo cha shule, anayezunguka nyumba kwa nyumba ni mama, anayepika siku ya harambee ni mama, ila anayeshika hela na kuamua ziende wapi mara nyingi ni baba mmoja mwenye kalamu mfukoni. Mi inaniuma sana hiyo. Kwahiyo siku ukiitwa kwenye kamati omba daftari, sufuria watashika wengine.

Usihangaike kuanzisha kundi jipya. Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU alipita kwenye vikundi vya ngoma vya kina mama ambavyo tayari vilikuwepo, yeye mwenyewe alikuwa muimbaji huko. Na wewe anza na kikoba chako, au kwaya, au wenzio mnaouza dagaa pamoja pale mwaloni Kirumba, hao mnajuana kabisa nani analipa kwa wakati na nani mpaka akumbushwe mara tano.

Halafu chagua kitu kinachohesabika. Ukisema "tusaidie watoto wa kike" watu wanaitikia tu amina wanaondoka. Sema hivi: shule yetu ina wasichana 60 wanaohitaji taulo za kike, tuseme pakiti ni 2,000, hiyo ni 120,000 kwa mwezi, miezi 10 ya masomo ni 1,200,000, tukiwa kina mama 40 ni 3,000 tu kila mmoja kwa mwezi. Hapo mtu anaona kabisa elfu tatu yake imekaa wapi. (Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo 2018 ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei dukani haijashuka, basi tusikae tunasubiri bei, watoto wanakosa vipindi.) Kabla hujachangisha hata mia nenda kwa mwalimu mkuu na mtendaji wa kata wajue.

Sasa hela. Usiweke kwenye simu ya mtu, nasisitiza. Mwaka wetu wa kwanza tuliweka kwa mwenzetu mmoja muaminifu kabisa, akafiwa akaenda Ukerewe, simu haipatikani siku tatu, alivyorudi hela ipo yote mpaka shilingi ya mwisho ila maneno yalishasambaa mtaa mzima na yule mama alilia sana. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au ile ya kwenye simu ambayo kila mwanachama anapata meseji hela ikiingia na ikitoka. Na msichanganye na hisa za kikoba wala na ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengewa vikundi vya wanawake ni ya biashara na inarudishwa, mkiigusa mmejiletea kesi.

Kitu kingine ambacho kamati za mjini huwa hazikijui, angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na kuanzia mvuvi, mama wa kuanika mpaka wa kuuza chapati mwaloni wote mifuko mikavu. Ukipita kipindi hicho utapewa ahadi tu na zingine watu wanatoa kwa aibu, halafu wanaanza kukukwepa njiani. Pita giza limeanza, siku ya nne ya tano hivi, hela inatembea. Sisi tulihamisha tarehe tu, watu ni walewale, na wakalipa.

Ukiomba taja kiasi, alafu nyamaza umpe mwenzio nafasi ya kufikiria. "Mayu (yaani mama), tuna mabinti 60, nakuomba elfu tatu kila mwezi." Asiye na hela akatoa ndoo ya dagaa pokea, iuzeni, andika bei iliyouzwa jina lake likae sawa na wa taslimu. Daftari liwe na safu mbili, ahadi na iliyolipwa. Kwenye grupu la WhatsApp weka waliolipa tu, majina ya wanaodaiwa usiweke kabisa, mwenye deni mfuate kwake mkae mzungumze. Kina baba waombeni pia, ila wapewe kazi ya kuwaleta kina baba wenzao.

Mgeni rasmi sio lazima, maji na viti vyake vinaweza kula pakiti za mwezi mzima.

Siku ya kukabidhi mpeni mwalimu mlezi wa wasichana, asaini. Msiwapange mabinti mstari kuwapiga picha na taulo mkononi, kesho watachekwa darasani na hamtakuwepo. Pigeni picha risiti, zote, mpaka ya bodaboda aliyebeba maboksi, zitumeni kwenye grupu jioni ileile.