Mechi kubwa ikija Kigoma: jinsi ya kufanya hela ya wageni ilale hapahapa

Ratiba ya ligi ikitoka, watu wa Kigoma tunatafuta tarehe mbili kwanza, Simba anakuja lini kwa Mashujaa, timu yetu ya hapa, na Yanga anakuja lini. Na mimi natafuta, ila sio kwa ajili ya tiketi peke yake, maana dada yangu ana banda la chakula Mwanga na mimi ndo namsaidia hesabu, na tangu ile fainali ya 2021 nimekuwa nafuatilia sana hili jambo la mechi kubwa na hela za mji, la kwetu na la wenzetu wa nje. Naweka hapa niliyoyaona ili wewe mwenye genge, bajaji, gesti au hata chumba kimoja cha ziada nyumbani ujipange mapema.

Kwa waliosahau, tarehe 25/7/2021 fainali ya kombe la shirikisho ilichezwa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, Simba akashinda 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga. Mji ulifurika jamani. Vyumba vilikuwa havipatikani, watu wakalala kwenye magari, wengine wakapokelewa majumbani na watu wasiowajua kabisa. Kila ukikutana na mtu anakwambia safari hii Kigoma imepiga hela. Jumatatu asubuhi dada anahesabu, ana sufuria mbili za wali zimechacha na hela mkononi haifiki hata faida ya wiki ya kawaida. Watu walikuwepo, hela zilikuwepo, ila kwetu hazikulala. Toka siku hiyo kabla ya mechi yoyote najiuliza swali moja tu, hii hela ya mgeni usiku italala wapi?

Kwanza tenganisha hela mpya na hela ya zamani

Mwalimu wa Ujiji akitoa elfu kumi ya kiingilio na soda, hiyo sio hela mpya mjini, angeitumia sokoni wiki hiyohiyo kununua mboga au nguo ya mtoto, imehama mfuko tu na inawezekana imehama kutoka kwako wewe mwenye genge. Hela mpya ni ya mtu wa Kasulu, Kibondo, Uvinza, Tabora, na wa Bujumbura anayevuka mpaka kuja kumwona Yanga wake. Wachumi wanaochunguza Olimpiki na Kombe la Dunia wanalirudia hilihili, kwamba hesabu zinazotangazwa kabla ya mashindano huwa kubwa kuliko kinachokuja kuonekana, kwa sababu zinahesabu hata hela ya wenyeji ambayo ingetumika tu.

Na usihesabu hela ambayo haipiti mezani kwako. Ya getini ina wenyewe. Ya TV ndo usiseme, mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la soka la nchi, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, ni hela nyingi na ligi inaihitaji, lakini muuza samaki wa Kibirizi haioni. Kwa hiyo unapopanga, mpangie mtu aliyetoka nje ya mji, anafika saa ngapi, ana njaa ya nini, analala wapi, anarudi na nini mkononi. Hayo manne tu yakikukaa kichwani umeshawaacha mbali wengi.

Uza kinachotoka hapa

Hapa naomba tuende taratibu. Tuseme unauza jezi kwa 15,000. Umeitoa Kariakoo kwa 11,000, nauli ya mzigo 1,000, faida yako 3,000. Katika ile 15,000 ya mgeni, 12,000 tayari imeshapanda basi inarudi Dar. Sasa tuseme sahani ya ugali na mgebuka ni 6,000. Samaki umemnunua kwa mama wa mwaloni Katonga, mawese ya kukaangia ya mtu wa Mwandiga, mchicha wa jirani, mkaa wa muuza mkaa wako wa kila siku, dada wa kuosha vyombo anakaa Gungu. Hata kama faida yako ni 2,000 tu, ile 4,000 nyingine nayo imelala hapahapa na kesho yule mama wa samaki anakuja kunywa chai kwako. Faida ya jezi inaonekana kubwa, ila mji umebakiwa na kidogo.

Sisemi usiuze jezi. Uza, ila chukua chache na usizichukue kwa deni, maana timu yake ikifungwa shabiki hanunui jezi hata umpunguzie bei. Kinachonishangaza ni kwamba mgeni anatoka Tabora anatafuta dagaa wa Kigoma, mawese na kitenge cha Congo vya kupeleka nyumbani, na siku ya mechi hakuna mtu amevipanga barabarani, wote tumekimbilia vuvuzela na skafu. Funga dagaa nusu kilo nusu kilo kwenye mifuko migumu isiyopitisha harufu, mawese tia kwenye chupa za lita moja zenye kizibo kinachokaza vizuri, maana mtu anapanda nayo basi na hataki imwagikie begi. Hivyo ndo vitu ambavyo hata akifungwa tano atanunua, mke wake alishamwagiza.

Nafasi ya kuuzia ombeni mapema, na muombe kwa pamoja

Mechi inavyozidi ukubwa ndo mtu mdogo anavyozidi kusogezwa mbali na uwanja. Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini, FIFA waliweka eneo maalumu kuzunguka viwanja ambalo wafanyabiashara wadogo hawaruhusiwi, anauza mwenye mkataba tu, na akina mama waliokuwa wanapika nje ya viwanja miaka yote wakajikuta nje ya kamba. Watu walisubiri yale mashindano miaka sita na siku ilipofika wakaambiwa sogea.

Ila kuna waliokataa, na hawa nawapenda sana. Salvador ni mji wa Brazil wenye watu wengi wenye asili ya Afrika. Kuna akina mama wanaitwa baiana, wanavaa magauni meupe mapana na vilemba, wanauza acarajé, ambayo ni kunde zimesagwa zikatengenezwa kama bagia halafu zikakaangwa kwenye mawese. Mawese haya haya jamani, michikichi ilivuka bahari ikitoka Afrika kwenye biashara ya utumwa. Walikuwa wanauza kwenye uwanja wa Fonte Nova miaka mingi, uwanja ukabomolewa ukajengwa mpya kwa ajili ya Kombe la Dunia 2014, wakasikia masharti ya FIFA yatawaweka nje. Hawakwenda mmoja mmoja kulia ofisini. Walikuwa na chama chao, wakakusanya saini za watu kwa maelfu, na siku ya kuzindua uwanja 2013 wakaenda wamevaa magauni yao meupe kupeleka hoja. FIFA ikakubali baadhi yao wauze palepale.

Kwetu masharti sio makali hivyo, lakini siku ya mechi mgambo wapo na meza zinabebwa kweli. Kwa hiyo mjikusanye mama lishe kumi au kumi na tano, muandike barua moja ya kuomba eneo, muipeleke manispaa wiki tatu kabla, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa wasimamizi wa uwanja, na muandike kabisa mtakavyozoa takataka na maji ya kunawa mtayaweka wapi. Barua yenye mpango wa usafi inasikilizwa haraka kuliko malalamiko. Kopi iliyogongwa muhuri tembea nayo siku ya mechi.

Usikope kwa ajili ya siku moja

Naongea kwa uchungu kidogo hapa. Kuna mtu wa karibu yangu alichukua mkopo akanunua magodoro na vitanda vya kupangisha wakati wa fainali, siku mbili akapata wateja, marejesho yakaendelea miezi kumi na vitanda viko tupu. Ni yaleyale ya miji mikubwa, tofauti ni wingi wa sifuri kwenye deni tu. Montreal, Kanada, waliandaa Olimpiki 1976, meya wao Jean Drapeau alishasema Olimpiki haiwezi kuleta hasara kama vile mwanaume hawezi kuzaa mtoto. Deni lile lilikuja kuisha 2006, miaka 30, na sehemu lililipwa kwa kodi ya sigara, yaani kuna watu walizaliwa baada ya mashindano, wakakua, na kila wakinunua sigara wanalipia uwanja. Brasília, mji mkuu wa Brazil, walijenga uwanja wa mamilioni ya dola kwa ajili ya Kombe la Dunia 2014 kwenye mji ambao hauna timu kubwa, na baada ya mashindano eneo lake likageuka maegesho ya mabasi.

Los Angeles, Olimpiki ya 1984, walifanya kinyume. Wakatumia zaidi viwanja walivyokuwa navyo, uwanja mkuu ulikuwa wa tangu miaka ya 1920, na michezo ikaisha na faida ya zaidi ya dola milioni 200. Kwa hiyo ukitaka kununua kitu kwa ajili ya mechi jiulize Jumanne ijayo kitafanya kazi gani. Sufuria kubwa itafanya kazi msibani na harusini, nunua. Friji la kukodi, kodi. Viti mia moja vya plastiki wakati banda lako lina wateja ishirini, azima kwa jirani.

Bei

Usimuumize mteja wako wa kila siku. London 2012 wakati wa Olimpiki watalii wa kawaida walikwepa mji, waliogopa bei na msongamano, na wenye maduka na kumbi za maonyesho katikati ya mji wakalalamika kuwa biashara imepungua wakati dunia nzima inaangalia London. Kigoma mteja wetu wa kawaida ni mfanyabiashara wa dagaa na mtalii anayepita kwenda Gombe au Mahale. Ukimtoa chumbani kwa sababu kuna shabiki analipa mara tatu, huyo hatarudi, na shabiki naye harudi mpaka msimu ujao. Ongeza kidogo, na bei iandike ukutani ili mgeni asiombwe elfu ishirini na mwingine elfu hamsini kwa chumba hichohicho.

Siku yenyewe

Kilichotuua 2021 sio chakula, ni chenji. Saa tano asubuhi dada alikuwa na noti za elfu kumi mkononi kama kadi za karata na hana hata mia tano, watu wanakaa, wanaulizia chenji, wanaondoka. Mtandao wa simu nao ulikuwa mzito kwa wingi wa watu, malipo yanazunguka tu. Kuanzia Jumatano tafuta mia tano mia tano na elfu elfu, na panga bei zinazolingana na noti, 2,000, 5,000, sio 3,700.

Muda nao. Mechi ikiwa saa kumi jioni, mtu wa Kasulu anafika asubuhi na njaa, huyo anataka supu na chapati saa mbili. Saa sita mpaka saa nane ndo mlo mkubwa. Ikifika saa tisa wote wako uwanjani na usiwashe moto mpya, hapo ndo tulipopika zile sufuria mbili tukidhani watatoka na njaa. Wakitoka, walioshinda wanaimba na wanakula taratibu, waliofungwa wanapita kimya kutafuta usafiri, siku ile nusu ya mji ilipita mbele ya banda letu bila hata kugeuza shingo. Baada ya mechi kaanga kwa oda tu, samaki mbichi kesho anauzika, wali uliopikwa hauuziki.

Mwenye chumba cha ziada nyumbani, anachohitaji mgeni ni kidogo, shuka safi, neti isiyo na matundu, ndoo ya maji ya moto, sehemu ya kuchaji simu na choo chenye taa. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema kwamba utapokea wageni, na anayetoka nje ya nchi ona hati zake kabla hajashusha begi, hapa ni mpakani na usumbufu ukitokea utakuangukia wewe.

AFCON ya 2027, kombe la mataifa ya Afrika, Tanzania tumepewa pamoja na Kenya na Uganda. Mechi hazichezwi Kigoma, ila dagaa wetu wanaliwa Dar na Arusha mwaka mzima, kwa hiyo kama una mtu wa kupokea mzigo kule anza naye sasa, mjuane, mzoeane kwenye malipo, msisubiri mwezi wa mashindano ambapo kila mtu atakuwa anapakia. Na wenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mechi kwenye TV, jenereta ifanyiwe sevisi kabla.

Mechi ikiisha, Jumatatu kabla hujafagia banda kaa chini na daftari. Andika kilichouzwa, kilichobaki, na kila elfu kumi iliyotoka ilikwenda kwa nani, kwa jina na mtaa. Halafu pigia simu wale wageni walioacha namba wakiulizia mawese. Mechi ya mwisho Simba alipokuja dada alipata namba nne za watu wa Tabora, wawili bado anawatumia dumu kila mwezi kwa treni.