Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Utumishi wa Meli Kuukuu ya Mafuta

Anayetafiti maisha ya meli kuukuu ya mafuta kwa kawaida huanza na jina, na jina ndilo linalompoteza. Meli za aina hii huuzwa mara kwa mara, na kila mnunuzi anaweza kupaka jina lake juu ya lile la zamani. Isitoshe, jina moja laweza kubebwa na meli kadhaa za kampuni ileile kwa kupokezana. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta namba. Namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), yenye tarakimu saba, ilianzishwa mwaka 1987 na ikawa ya lazima mwaka 1996, nayo haibadiliki hata meli ikibadili jina, bendera (yaani nchi iliyoisajili) au mmiliki.

Kabla ya kuiamini namba uliyoikuta mahali, ihakiki. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 7, ya pili kwa 6, na kuendelea hivyo hadi ya sita inayozidishwa kwa 2. Kisha majibu hujumlishwa, na tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima ilingane na tarakimu ya saba ya namba yenyewe. Chukua 7381154: tunapata 49, 18, 40, 4, 3 na 10, jumla 124, na namba inaishia kwa 4, kwa hiyo imeandikwa sawasawa. Namba hiyo ni ya Seawise Giant, meli iliyoundwa Japani ikafikia urefu wa mita 458. Katika vita vya Iran na Iraq, ilishambuliwa na ndege za Iraq mwezi Mei 1988 karibu na kisiwa cha Larak cha Iran, ikafufuliwa kwa jina la Happy Giant, ikawa Jahre Viking mwaka 1991, Knock Nevis mwaka 2004, na hatimaye Mont. Mtu aliyetafuta kwa jina la Jahre Viking pekee angedhani historia yake inaanzia mwaka 1991, na asingekutana na vita hata kidogo.

Kwa meli zilizokwisha kukatwa kuwa vyuma chakavu kabla ya mfumo huo, tegemea namba ya uwanja wa kuunda meli, yaani namba ambayo waundaji waliipa kazi hiyo hata kabla meli haijapewa jina, pamoja na mwaka wa kukamilika. Meli zilizosajiliwa Uingereza zina pia namba rasmi ya usajili, utaratibu ulioanza mwaka 1855. Ukishapata vitambulisho hivyo, fungua majuzuu ya Lloyd's Register, orodha ya meli inayochapishwa tangu 1764, na uyasome mwaka baada ya mwaka. Kazi hii inachosha, lakini haina njia ya mkato: jina jipya likitokea katika juzuu la mwaka fulani, unajua tu kwamba badiliko lilitokea kabla juzuu hilo halijachapishwa, wala si lazima liwe la mwaka huohuo.

Tenganisha daima mmiliki, mwendeshaji, aliyeikodi na bendera, kwa kuwa hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Torrey Canyon, iliyopanda miamba ya Seven Stones karibu na Cornwall, Uingereza, tarehe 18 Machi 1967, mara nyingi huitwa meli ya BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza. Ukweli ni kwamba ilimilikiwa na Barracuda Tanker Corporation, ikapeperusha bendera ya Liberia, ikakodiwa na Union Oil ya California, na BP iliikodi kutoka kwa Union Oil. Kila mmoja wa hawa aliacha kumbukumbu zake mahali tofauti, na anayemtaja mmoja tu atazikosa za wengine.

Meli hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Iliundwa Marekani, ikakamilika mwaka 1959, kisha ikapelekwa Japani kurefushwa, na uwezo wake wa kubeba ukakaribia kuongezeka maradufu. Ukiona tarakimu za tani zimebadilika, usikimbilie kuandika kwamba meli ilikatwa na kuunganishwa upya. Mkataba wa upimaji wa meli wa mwaka 1969, ulioanza kutumika mwaka 1982, ulileta kanuni mpya za kukokotoa tani za ujazo, na meli nyingi za zamani zilipimwa upya bila chuma chochote kuguswa. Tazama urefu: ukiwa umeongezeka pamoja na uzito wa shehena, hapo kweli kuna kazi ya uwanjani, na tarehe yake itafutwe. Meli za T2, aina ya meli za mafuta zilizoundwa kwa wingi Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zinahitaji uangalifu zaidi. Mojawapo, Fort Mercer, ilivunjika vipande viwili karibu na Cape Cod, Marekani, mwezi Februari 1952, lakini tezi yake (sehemu ya nyuma) iliungwa na omo mpya (sehemu ya mbele), ikaendelea na kazi kwa jina la San Jacinto. Katika hali kama hiyo, andika waziwazi ni kipande kipi unachokifuatilia.

Miaka ambayo meli haionekani safarini si lazima iwe pengo la kumbukumbu. Baada ya mahitaji ya mafuta kushuka katika miaka ya 1970, meli nyingi kubwa zilitiwa nanga zikingoja kazi. Nyingine ziliishia kuwa maghala yanayoelea, kama Knock Nevis katika eneo la visima vya mafuta la Al Shaheen huko Qatar. Magazeti ya bandari na Lloyd's List, gazeti la habari za meli, husaidia kujua ilikuwa wapi. Kwa meli zilizokuwa katika safari za kimataifa baada ya Julai 2004, ipo pia hati ya mfululizo wa kumbukumbu inayotolewa na nchi ya bendera na kubaki melini, inayoonyesha mabadiliko ya jina, mmiliki na bendera kwa tarehe zake.

Mwisho wa meli nao una mitego. Safari ya kwenda kukatwa mara nyingi hufanywa kwa jina na bendera mpya: Exxon Valdez, iliyomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, ilifika Alang, India, mwaka 2012 ikiitwa Oriental Nicety. Tarehe ya kuuzwa, ya kupandishwa ufukweni na ya kuanza kukatwa ni tatu tofauti, na orodha nyingi huchapa moja tu bila kusema ni ipi. Ziandike kila moja mahali pake, na usiyoipata uiache wazi.