Tahadhari za kutayarisha kabla ya kuonesha filamu ya kutisha

Filamu ya kutisha ikitoka nje huja na daraja lake la umri. Uingereza mara nyingi huipa 15 au 18, Marekani huipa R (chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi), na pembeni huandikwa maneno machache: damu, ukatili, lugha chafu. Mwandaaji wa onesho Unguja au Pemba asiishie hapo. Waliopanga daraja hilo waliwafikiria watazamaji wa kwao. Hawakujua nani ataketi kwenye majamvi ya uwanja wa skuli kule Wete, wala amefiwa na nani, wala amefiwa vipi.

Itazame filamu nzima mwenyewe, mara mbili, siku chache kabla. Mara ya kwanza itazame mfululizo, usiku, kwa sauti ile ile itakayotumika siku ya onesho. Mara ya pili shika kalamu. Kila tukio zito liandikie dakika na sekunde linapoanza, linapomalizika, ni la aina gani, na ishara inayolitangulia: taa inayozimika, muziki unaokatika ghafla. Ishara ndiyo itakayomfaa mtazamaji, kwa sababu gizani hakuna anayeangalia saa.

Tumia nakala ile ile utakayoionesha. Filamu ya sinema huenda picha 24 kwa sekunde, lakini nakala nyingi za DVD na televisheni za Ulaya huenda 25, hivyo tukio la dakika ya 75 hujikuta dakika ya 72. Uliyemwambia atoke dakika ya 74 atakuwa keshaliona. Nakala yenye msimulizi wa Kiswahili juu yake isikilizwe upya mwanzo hadi mwisho, maana msimulizi huweza kulitaja kwa mdomo lile ambalo picha imelificha.

Tukio la kulitafuta kabla ya yote ni la kuzama. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. MV Skagit ikafuata tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Waliookoka wapo, na wazazi, wajane na mayatima wapo. Maji yanayopanda chumbani, kiganja kinachopiga kioo, mtu anayeita jina la mwenzake gizani: kwa daraja la nje hayo huweza kupita bila kutajwa, lakini huku yana uzito kuliko damu ya rangi. Angalia pia linavyosikika. Mara nyingi picha huondoka kwenye maji huku kelele zikiendelea, na aliyefumba macho bado anasikia yote. Kwa tukio la namna hiyo, tahadhari imshauri mtu atoke nje kabisa, na imwambie ni dakika ngapi.

Linalofuata ni shambulio la usiku kitandani. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, kiumbe anayesemwa kuwavamia watu usiku wamelala, ilianza Pemba ikavuka mpaka Unguja, na watu walilala nje kwa makundi wakiota moto. Kiumbe anayemkandamiza aliyelala huamsha hofu hiyo hata kama filamu imetengenezwa kwengine kabisa. Ikiwa ndani yake mna kubakwa, sema kubakwa. Neno “udhalilishaji” peke yake ni pana mno, halimtayarishi mtu. Kuna pia matukio ya pepo na ngoma za uganga: wapo wanaopandisha shetani wakisikia mdundo, na jamaa zao wanafaa kuambiwa mapema wakae nao karibu na njia. Kama aya za Qurani au adhana zimetumiwa kutisha, litangazwe waziwazi. Wengi wangechagua kutokuja, na hiyo ni haki yao.

Mwanga wa kumweka unahusu kifafa. Desemba 1997 huko Japani, katuni ya televisheni iliyomwesha nyekundu na buluu mara 12 kwa sekunde ilipeleka mamia ya watoto hospitali. Mmweko unaozidi mara 3 kwa sekunde utangazwe. Uhesabu kwa kuipunguza filamu mwendo hadi nusu. Kufumba macho hakutoshi, mwanga hupenya kope. Mtu azibe jicho moja kwa kiganja na ageuke upande. Acha taa ndogo ikiwaka nyuma, na safu ya mbele isiisogelee shuka ya projekta. Akianguka mtu, usimshike kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni. Ondoa vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Degedege likiacha, mlaze ubavu. Likipita dakika 5, apelekwe hospitali.

Tangazo liwe mlangoni kwa herufi zinazosomeka hatua tatu mbali, na lisomwe kwa sauti kabla ya tiketi kukatwa. Likisomwa watu wameshaketi, mwenye haya hatainuka. Taja aina ya tukio, muda wake na ishara yake, usitaje linampata nani. Mfano: “Baada ya saa moja hivi, muziki ukikatika, mtu anazama. Ni dakika nne, na sauti yake inasikika mpaka mwisho.” Hapo aliyekuja kwa mshtuko wa hadithi hajapoteza kitu. Usiandike tu “si kwa wenye moyo mwepesi”. Vijana watalichukua kuwa ni changamoto, na mama aliyefiwa hatajua linamhusu.

Kibali cha onesho kishughulikiwe mapema. Anza baada ya Isha, weka mtu mzima kila upande wa uwanja, maana watoto hujipenyeza kwenye kiza pale pasipo na ukuta. Njia ya kutokea, yenye upana wa watu wawili, ibaki tupu, na nje pawe na viti vichache, maji ya kunywa na mtu wa kukaa na aliyetoka. Filamu ikimalizika washa taa zote kabla ya majina hayajaanza kupita, na wanaokwenda mbali kwa miguu wapangwe waondoke pamoja, wenye tochi mbele na nyuma.