Simu ya mama kwanza, video za mpangaji baadaye

Kabla hujagusa vipaumbele kwenye ruta, yaani nani nyumbani apewe intaneti kwanza, pima kasi. Laini ikijaa pomoni, foleni hujikusanya kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti, na huko kanuni zako hazifiki. Watu wengi hutazama kasi ya kupakua tu. Mchawi ni ile ya kupandisha, ambayo mara nyingi ndiyo ndogo. Hapa kwetu Langoni, Lamu, kasheshe huanza baada ya isha: mpangaji wa ghorofani anapandisha video za madau alizopiga Shela, na mama yuko WhatsApp na dadake aliyeko Muscat, sauti inakatika katika.

Pima jioni hiyohiyo, kwa kompyuta iliyochomekwa waya, wengine wakiwa wametulia. Ukipata Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 za kupakua na 5 za kupandisha, kwenye ruta jaza asilimia 85 tu: 17 na 4.25. Unajinyima kidogo makusudi ili foleni ihamie kwenye ruta yako. Angalia kipimo, maana ruta nyingine hutaka Kbps (1000 ni Mbps moja), kwa hiyo utaandika 17000 na 4250. Ukiandika 17 hapo, nyumba nzima itakuandama.

Kuingia ni rahisi: fungua kivinjari, andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 (yako mara nyingi imebandikwa chini ya ruta), weka nywila, tafuta QoS, sehemu ya kupanga vipaumbele. Iwashe, jaza kasi zile mbili, kisha chagua simu ya mama na uipe daraja la juu. Ruta nyingi hutambua simu kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), na simu nyingi za Android 10 na kuendelea, pamoja na iPhone za iOS 14 na kuendelea, hujitambulisha kwa anwani ya kubuni. Kwa hiyo kabla ya kuichagua, shika simu yenyewe, fungua mipangilio ya Wi-Fi ya nyumbani, uzime anwani hiyo ya kubuni.

Mpangaji nimempa daraja la chini, na hakupunjwa: mama akikata simu, kasi yote inamrudia. Ukiwapa wote daraja la juu ni kama hujafanya kitu.

Kama ruta yako ina OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), mimi ningeacha madaraja kabisa. Weka SQM, kifurushi chake cha kusimamia foleni, chagua humo mbinu iitwayo cake, jaza kasi mbili, basi. Inagawa yenyewe kwa haki.

Sasa jaribu. Video ikiwa inapanda, tuma ping (ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi) kwa 8.8.8.8, seva ya Google. Ikiruka kutoka milisekunde 40 hadi 400, punguza tena namba ya kupandisha, kidogo kidogo, mpaka itulie.

Ila kama tatizo ni kuta zetu hizi nene za mawe ya matumbawe, QoS haitakufaa. Pitisha waya uani hadi chumba cha ndani, uweke kituo kingine cha Wi-Fi huko. Na uzime Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni, la sivyo atakayejiunga nacho atazikwepa kanuni zako zote.